Rafu za Mama Agnes

Shangazi, shikamoo.

Picha ya kadi hii ni ya tembo wa Mikumi, ila ninachotaka kukusimulia nimekiona Kilosa. Jana nilikimbilia maktabani kujikinga na mvua, nikakuta wanampongeza Mama Agnes, mhudumu wa usafi. Mafuriko yaliwahi kuwaharibia vitabu, basi yeye akabuni rafu za kuning'inia: ukivuta kamba ya katani, rafu nzima inapanda hadi karibu na dari.

Mgeni rasmi ndiyo kwanza anainuka na cheti, maji yakaanza kuingia mlangoni. Mama Agnes akakimbilia kamba.

"Mheshimiwa, njoo tuvute! Hiyo karatasi itasubiri!"

Tukavuta wote, mimi na mgeni rasmi kamba moja, hadi rafu ya mwisho ikapanda. Hakikulowa kitabu hata kimoja! Alikabidhiwa cheti maji yakiwa yametufika vifundoni, na makofi tuliyompigia, Shangazi, yalizidi kelele za mvua kwenye bati.

Akacheka. "Asanteni. Sasa nani atanisaidia kukausha sakafu?"

Hakuna aliyeondoka. Hata mgeni rasmi alikunja suruali.

Nakukumbuka sana. Usibebe ndoo peke yako.

Mwanao,
Zawadi