Nimecheka Kabla ya Kusamehe

Jumamosi alasiri, Mkomaindo, Masasi. Jua limewaka tangu asubuhi na maua ya mikorosho yananukia mpaka ndani. Nimeshindwa kupika, nimeshindwa kufua. Ni kwa furaha, jamani, furaha hasa.

Leo nimecheka na mtu aliyenipiga risasi.

Kama wewe ni mgeni hapa: Baba Hadija, mzazi wa shuleni kwetu, alisimama kwenye dirisha la darasa langu na gobore lake la kuwindia nguruwe, akafyatua. Goroli zikaniingia begani. Moja ikamtoa jicho mwanafunzi wangu, Zuhura. Baba Hadija akafungwa, mimi nikabaki na swali moja: kwa nini? Wengine walisema bangi, wengine shetani, wengine karogwa. Kanisani tukisali Baba Yetu, pale pa kusamehe nilikuwa naparuka. Mungu anajua, sikumficha.

Sasa asubuhi hii Bi Somoe kapiga hodi. Ni Myao, mtani wa akina Baba Hadija, mama mtu mzima mwenye mdomo usio na breki. Sijamaliza shikamoo, naona nyuma yake anamkokota Baba Hadija kwa kamba ya shingoni. Katoka gerezani wiki hii.

"Marahaba, Mama Neema. Nimekuletea mbuzi. Anakula sana, akili hana, na hata kulenga hajui. Mnunue unipunguzie mzigo."

Nilikusudia kufunga mlango. Badala yake kicheko kikanitoka, nikacheka hadi machozi.

Bi Somoe akaifungua kamba pale pale. "Umecheka. Kwako yameisha."

Mimi mtu wa Singida ningejua wapi? Kumbe huku mtani akimleta mkosaji namna hiyo, ukicheka umesamehe. Usipotaka, unatazama chini kimya mpaka waondoke. Mtaa mzima ulijua ila mimi. Nikaudhika kidogo, nikajiona nimepunjwa. Kisha nikajipekua moyoni na ile hasira sikuiona. Nimeipigia magoti muda wote ule, na leo imeondoka kwa utani wa mbuzi. Je, Mungu naye hutumia watani? Mimi nasema ndiyo.

Basi nikamuuliza Baba Hadija kwa nini. Akajibu akiwa ameinamisha kichwa. Hadija wake alikuwa ameacha shule kwa mimba. Siku ile alikuwa anatoka shamba na gobore lake, akapita karibu na dirisha, akasikia darasa linacheka. Akadhani tunamcheka binti yake.

Tulikuwa tunacheka moyo niliouchora ubaoni. Ulitoka kama bibo la mkorosho.

Ni hilo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu kubwa kuliko hilo.

Kesho wanakwenda Chiwata, nyumbani kwa akina Zuhura. Bi Somoe anataka niongozane nao, eti binti akiniona atalegea. Hapo furaha yangu imepunguza mwendo. Bega ni langu, nimelisamehe. Jicho si langu.

Nitakwenda, kwa hamu na hofu. Lakini sitakaa upande wa Bi Somoe. Nitakaa mkekani, ubavuni kwa Zuhura. Akicheka, nitacheka. Akitazama chini, nami nitatazama chini pamoja naye, hata ikitugharimu siku nzima.