Mkono wa Sultani

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na punda wetu Sukari ameacha kuchechemea. Mimi sijambo, ni joto tu linalonitoa jasho hadi kwenye kope.

Baba, cheka kwanza, hasira baadaye. Nilipoingia katika duka hili la picha na fremu hapa Deira, huku ng'ambo kwa Waarabu, nilichoka kubeba vioo juani, nikamwambia arbab, yaani tajiri wangu, kuwa nimekulia juu ya farasi, ili anione mtu wa maana. Basi mzee mmoja mwenye mkahawa mtaa wa Al Rigga akaagiza picha kubwa ya sultani wa kale akiwa juu ya farasi. Mchoraji wetu, Mhindi mpole aitwaye Rafiq, akataka mtu wa kukaa amchore. Arbab akaniita, "Yalla, njoo upesi, mpanda farasi!" Nikavishwa joho, kilemba na upanga, nikapandishwa juu ya pipa, nikapewa kamba iwe hatamu. Nikakaa kama ulivyonifundisha.

Picha ilipokwisha, mzee akaja. Kumbe ni mzaliwa wa Unguja. Akaitazama, akauliza, "Huyu sultani anakwenda kubeba mchanga?"

Baba, nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, kama tunavyokaa juu ya punda! Farasi kanyanyua mguu kwa fahari, upanga unang'aa, watumishi wamechorwa wadogo ili bwana aonekane mkubwa, na bwana mwenyewe yuko karibu na mkia. Arbab akanigeukia, macho mekundu. Nikajua khalas, yamekwisha, narudishwa nyumbani. Nikasema kweli yote: sijawahi kupanda farasi, baba yangu ana punda Lamu.

Mzee akacheka hadi akafuta machozi. Akamwambia Rafiq, "Msogeze mbele. Lakini mkono huu wa hatamu usiuguse. Wengine humchora mfalme kakamata kwa ngumi mbili, utadhani anagombana na mnyama. Mtawala hushika kwa mkono mmoja, kamba imelegea, na farasi anatii." Akanitazama. "Nani kakufunza?"

"Baba yangu."

"Arbab, huyu msimfukuze."

Nilikaribia kulia. Miaka yote hii nimekuwa nikiona haya kuwaambia watu hapa kazi yako ya punda. Nisamehe.

Mwambie mama asiwe na wasiwasi, kazi ningali nayo. Msalimie dada Mwanaisha na wanawe, na Sukari mpe ganda la tikiti kwa niaba yangu.

Picha ilitundikwa jana. Watu wanakula biriani huku wakimtazama sultani kwa heshima. Uso ni wa kubuni, joho ni la kuazima. Mkono ni wako.

Mwanao akupendaye,
Athman