Kikombe, Kijiko na Masikio ya Salma

Mama,

Tumekusomea khitma ya arobaini Jumapili, hapa hapa nyumbani Lewisham, watu wamebanana mpaka kwenye ngazi. Tangu siku hiyo kuna jambo linanikaba, na hakuna wa kumwambia ila wewe.

Unakumbuka Salma alipokuwa na miezi minane? Nilikwambia simuoni akishtuka mlango ukibamizwa. Ukanicheka. Ukasimama nyuma yake, ukagonga kikombe kwa kijiko, akageuka. Ukagonga tena, akageuka tena. "Mtoto anasikia, mwanangu, usimtafutie maradhi." Nami nilitaka mno kuamini. Barua ya kliniki ya kumpima masikio nikaitia kwenye droo.

Miezi sita baadaye ukajaribu tena, umetoka kuoga, nguo hujazifukiza. Ukagonga. Salma akaendelea na biskuti yake. Ukagonga mpaka kijiko kikakuponyoka. Kumbe siku zote alikuwa akigeukia harufu ya udi kwenye kanga zako. Ukakaa sakafuni, ukasema, "Nimekosea. Mpeleke kesho."

Tulikwenda sote wawili. Nesi mmoja alimchezea kwa mbele, mwenzake akatikisa njuga nyuma yake, kulia kisha kushoto. Salma hakugeuka. Tukirudi, ndani ya basi, nikakwambia, "Umempotezea mtoto miezi sita." Ulinipokea mkoba tu, ukaupakata mpaka nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki, Mama, na mimi niliyamwaga mbele za watu.

Sasa anavaa vifaa vya masikio, vyote viwili, na anavichukia. Kimoja alikitumbukiza kwenye chai. Juzi alimwita paka wa jirani. Jina hakulipata sawasawa, lakini paka alikuja.

Ninachokuandikia ni hiki. Kila aliyeniuliza kwa nini tulichelewa, nilikutaja wewe na kikombe chako. Hata siku ya khitma nilimwambia dada yako, Bi Zuhura, naye akatikisa kichwa akakusikitikia. Habari ya droo sikuisema. Wala sikusema kwamba wewe ndiye uliyeligundua kosa, tena ukalikiri palepale. Mimi langu sijalikiri mpaka leo. Naona haya.

Nisamehe. Salma akiuliza siku moja nani alijua mwanzo kuwa hasikii, nitamwambia ni bibi yake. Mungu akulaze pema, Mama. Sasa naweka kalamu chini nimpigie simu Bi Zuhura, kabla sijaingiwa na woga.

Mwanao,
Rukia