Mabakuli Mawili ya Baba

Karakana ya Baba,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko? Wifi hajambo? Na kile kikohozi cha mtoto wenu wa pili, kimepoa? Mimi ni mzima wa mwili. Bado nashona sare za shule, ila macho yameanza kunigomea, uzi unaingia kwenye sindano mara ya tatu au ya nne.

Kaka, maneno yako ya kwenye simu wiki iliyopita nimeyasikia. Ulisema namlisha Baba kama kifaranga, eti ndiyo maana amekonda. Sikukujibu kwa sababu Baba alikuwa ameketi pale pale, nami nilikuwa nimeshaanza kulia. Ulidhani mtandao umekatika. Haukukatika, nilikata mimi.

Sasa nakuandikia jambo ambalo Baba aliniapisha nisikwambie. Tangu utotoni unaniita Kiherehere, basi leo acha jina lifanye kazi yake.

Unaikumbuka ile Jumamosi ya mwaka jana, ulipochoma nyama mwenyewe uani? Ulimjazia Baba sahani, nyama na maharage na kabichi mbichi, akaimaliza. Ukamwongezea, akamaliza tena. Ukapiga makofi, ukasema Fundi amerudi. Akajilaza kwenye kochi, ukamfunika shuka, na alfajiri ukaondoka roho kwatu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikijua kitakachotokea, na sikusema neno. Wewe hukujua. Kosa ni langu zaidi kuliko lako.

Miezi miwili kabla ya hapo daktari wa tumbo alikuwa ameshatueleza. Sukari ya miaka mingi imechosha neva za tumbo la Baba, halisukumi tena chakula inavyotakiwa. Mlo wa mchana unakutwa humo hata kesho yake, na ukikaa hivyo asidi inapanda hadi kooni. Sisi tulidhani kile kiungulia ni cha njaa, tukawa tunamwongezea chakula. Tulikuwa tunamimina maji kwenye ndoo iliyojaa. Baba akakataa uambiwe. Alisema unakuja kwa siku nne tu, usizimalize kwa kumtazama mgonjwa.

Saa sita mchana, wewe ukiwa njiani, alitapika nyama ile ile, haijabadilika. Matapishi mengine yakaingia njia ya hewa. Ikawa nimonia, siku tisa wodini. "Mwanangu asijue," aliniambia. "Alinipikia kwa mkono wake." Ndiyo maana kila ulipopiga simu nilikwambia ameenda kuchagua mbao. Siku tisa mtu anachagua mbao, na wewe ukaamini!

Tangu hapo tunafuata masharti. Kidonge cha kupunguza asidi anameza nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Kinazima moto wa kifuani, lakini chakula hakikisukumi. Kwa hiyo anakula mara sita kwa siku, kidogo kidogo, vitu laini vilivyopondwa, mafuta machache, na mboga zenye nyuzinyuzi hagusi. Akishakula halali mpaka zipite saa tatu. Kitanda amekiinua upande wa kichwa kwa vipande vya mbao alivyokata mwenyewe, akavipima kwa rula mara nne kama vile kuna mteja anayemsubiri. Sukari nayo tunaipima kila siku, kwa sababu ikipanda tumbo linazidi kulala. Ndicho hicho chakula cha kifaranga ulichokiona kwenye picha niliyokutumia.

Kulikuwa na dawa ya kulisukuma tumbo. Kaka, ilimsaidia. Wiki tatu alikula bila kucheua, hata utani wake ukarudi. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, na midomo ikawa inachezacheza yenyewe. Akapiga msumari mmoja mara sita na wote tukajifanya hatuoni. Daktari akaisimamisha siku hiyo hiyo, na dawa nyingine ya kusukuma tumbo moyo wake hauiruhusu. Mzee hakuhuzunika. Alisema, "Afadhali tumbo lilale, daktari. Mikono niachie." Mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta choo.

Mikono imetulia. Lakini amepungua kilo kumi na nne, nimeshampunguzia suruali zote na sasa naanza kuzipunguza upya. Jumatano iliyopita daktari alizungumzia mrija wa kumlisha moja kwa moja kwenye utumbo, Baba akatikisa kichwa. Zamani walikuwa wanatuambia turudi baada ya miezi mitatu. Safari hii wameandika Jumatano ijayo. Sikuuliza kwa nini. Naogopa, Kaka.

Kuna jambo moja zaidi. Tangu asikie utakuja mwezi wa sita, Baba amechonga mabakuli mawili ya mbao, madogo ya kuenea kiganjani. Moja lake, moja lako. Anasema ukija mle sawasawa, usije ukaona haya kula mbele yake. Lake limekwisha, ndilo analolia chakula. Lako analisugua msasa kila asubuhi. Anasugua kidogo, anaketi, anasugua tena. Nilitaka kummalizia, akaninyang'anya. "Usiniharakishe," alisema. "Yule anakuja mwezi wa sita. Muda ninao."

Sijakuandikia ili ujilaumu. Yeye mwenyewe anaisimulia ile nyama mpaka leo kwa wateja, anasema hajawahi kula tamu kama ile, na nadhani hasemi uongo.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi anawashonea nguo. Mama Mdogo anakusalimu, pamoja na jirani yetu fundi saa, anayekuja kila jioni kumkalisha Baba wima kwa porojo mpaka zile saa tatu ziishe.

Mungu akufungulie njia, na aifungue mapema. Baba anasema muda anao. Mimi ndiye ninayempunguzia suruali, Kaka. Usingoje mwezi wa sita.

Wako akupendaye,
Dada yako mdogo,
Kiherehere.