Uwanja wa Nyumba Yetu

Keza mjukuu wangu,

Hapa Kabeza tu wazima. Mama yako anakusalimu, na maharage yameitika vizuri.

Unasema ulifika Tanga, ukaitafuta nyumba nilimozaliwa, ukakuta bahari tu. Unauliza kama nimesahau mahali. Sijasahau.

Nyumba yetu ilikuwa juu ya mwamba wa matumbawe. Mama alianika mihogo ukingoni, penye upepo, lakini kwanza aliugonga mwamba kwa mchi. Ukilia kama mtungi mtupu, alirudi nyuma. Mawimbi yaliutafuna chini, mvua ikaulainisha juu, nasi tuliuona mzima. Nilimcheka, "Mama, unaogopa jiwe?"

"Siogopi," akasema. "Namjulia hali anayeondoka."

Masika moja ukingo ukaanguka na jiko letu, sisi tukiwa shambani. Tukahama.

Kwa hiyo ulisimama mahali penyewe, ila umechelewa. Mwamba ule haukupotea. Ulisagika ukawa mchanga ulioukanyaga pale ufukoni. Ukija likizo, usikung'ute viatu mlangoni. Niingizie uwanja wetu ndani.

Bibi yako anayekungoja