Mashine Yako ya Mbuya, Shabani

Shabani, mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa mezani pako, dukani Bukoto. Kiti nimekipandisha, kwa sababu wewe ulipenda kuketi kama mtu anayejificha. Mkeo hajambo. Amerudi kufundisha na anacheka tena, ingawa bado anapika wali wa watu wengi kuliko waliopo. Namwacha. Mimi nilistaafu kuendesha mashine za watu, na sasa naendesha zako.

Habari kubwa ni ya ile mashine uliyoiunda kwa ajili ya kliniki ya Mbuya, kompyuta inayohifadhi majibu ya maabara. Baada ya arobaini yako ilianza kutoa onyo: sehemu moja ya kumbukumbu yake ilikuwa inaharibika. Majibu yalikuwa bado salama, lakini kosa moja tu lingetosha kumpa mgonjwa jibu lisilo lake. Kipuri hatukukipata madukani Nakivubo wala kwingineko. Daktari akasema wazi kwamba tusipoitengeneza bila kuizima, ataitoa na kuwaita watu wengine. Ilikuwa kazi yako ya mwisho, Shabani. Sikuwa tayari kuiona ikibebwa kama takataka.

Njia ilikuwa moja: kuiamuru mashine iache kutumia sehemu ile mbovu, iendelee na iliyo nzima. Nakato, mwanafunzi wako, akatoa amri. Mashine ikakataa. Akairudia. Ikakataa.

"Hajati, nafasi iko mingi upande ule mwingine! Hii kitu inatutesa bure."

Nikamwambia kwamba nafasi ni nyingi, na kwamba mashine haimtesi mtu. Akanitazama kama ulivyokuwa ukinitazama wewe.

Hapo nikakumbuka siku paa la msikiti lilipovuja, tulipokwenda kuokoa mazulia, nawe ukaendelea kunieleza kazi yako huku umeshika ndoo. "Da Zena, mwenye mswala wake anahamia popote. Lakini jamvi refu linataka sakafu ndefu isiyokatika. Msikiti unaweza kuwa nusu mtupu, na jamvi likakosa pa kulazwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kumbukumbu ya mashine imegawanywa katika kurasa, na zile ndogo zilihama zenyewe. Lakini programu ya maabara uliipa kurasa kubwa mno ili iwe na kasi. Zilizokaa bure zilivunjwa zikawa ndogo, zikaondoka bila matata. Zilizokuwa kazini hazikuweza kuvunjwa. Kila moja ilitaka mahali palipoandaliwa, penye ukubwa uleule, na upande ulio mzima mahali kama hapo hapakuwapo. Nafasi ilikuwapo, ila vipande vipande. Nakato alitaka kurudia amri mpaka mashine ichoke. Ukaidi huo ulimfundisha wewe.

Unakumbuka ubishi wetu? Ulisema mashine njema haisimami. Mimi nikasema husimama kwa utaratibu. "Wewe unapenda kuzima tu, Da Zena, kama mtu anayeogopa bili ya umeme."

Basi nilimwendea daktari, nikamweleza kwamba mashine ilifanya sawa kukataa, kwa kuwa kulazimisha kungeyaharibu majibu. Nikamwomba tuisimamishe programu ya maabara peke yake, Ijumaa, watu wakiwa kwenye sala. Mashine yenyewe ingebaki inawaka. Akasema, "Hajati, usiniangushe."

Ijumaa ilipofika, Nakato aliisimamisha programu. Kurasa kubwa zikaachiliwa, zikavunjwa, na sehemu mbovu ikabaki tupu. Alipotoa amri, ilikubaliwa papo hapo. Programu tukaiwasha tena kwa kurasa ndogo, upande ulio mzima. Imekuwa nzito kidogo, lakini maabara hawajaligundua hilo, nami sikuona haja ya kuwashtua. Tukalinganisha majibu, yote yakawa sahihi. "Banange, jamani, Hajati, imekubali!" Nakato alinikumbatia mpaka miwani ikaanguka. Sikumkaripia.

Kwa hiyo mashine haikuzimwa, kama ulivyotaka, na programu ilisimama kwa utaratibu, kama nilivyotaka. Niligeuka nikuulize ni nani kati yetu aliyeshinda. Hapo tu ndipo nilipolia, wala si sana. Tulirudi Bukoto nimeridhika, na usiku ule nililala vizuri.

Sasa nikuage, mdogo wangu. Mwenyezi Mungu akupe kivuli na utulivu huko uliko. Mashine yako itazeeka, na siku moja haitafaa tena. Nakuahidi kwamba hakuna atakayeing'oa waya ukutani. Nitakwenda mimi na Nakato, tutayahamisha majibu yote mpaka la mwisho, tutafunga programu moja baada ya nyingine, na kidole kitakachobonyeza kitakuwa changu. Nitaketi hapo mpaka feni yake inyamaze.

Dada yako,
Zena