Mama Mkwe na Mbuzi Kwenye Runinga

Shoga, uko? Nimejifungia bafuni, nacheka mpaka mbavu zinauma.

Unajua mume wangu tangu tuhamie televisheni ya faiba, ile ya intaneti, hapumui kwa majigambo. Leo asubuhi mama yake alihojiwa mubashara kuhusu kazi yake ya ukunga. Kabla hajaenda, bwana mkubwa alimwambia, "Mama, nenda tu. Kisimbuzi kinarekodi, utajitazama mpaka uchoke."

Jioni mama mkwe kaja kapendeza, kaleta na mashangazi wawili. Mume wangu kashika rimoti kama rubani, kabonyeza.

Mbuzi.

Nakuambia mbuzi, shoga. Kipindi kizima cha minyoo ya mbuzi. Alirekodi chaneli nyingine. Akapeleka mbele, mbuzi. Akarudisha nyuma, mbuzi wale wale.

Mama mkwe akauliza taratibu, "Mwanangu, mimi ni yupi hapo?"

Eti anamjibu, "Mtandao ulisumbua, mama."

Shangazi mmoja akasema kipindi kinarudiwa kesho. Mume wangu akafufuka: "Basi nakirekodi sasa hivi."

Mama mkwe akamnyang'anya rimoti, akaitia kwenye mkoba wake. "Kesho nitatazama kwa jirani," akasema. "Wewe baki na mbuzi wako."